Pasi ya Mkaa na Sauti ya Saba

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata njia! Kanyange atarudi nyumbani kabla ya mwezi kuisha. Atarudi mwenyewe, bila mimi kwenda Batsinda kupiga magoti mbele ya dada yake.

Niandike vizuri, ili siku tukicheka pamoja nimsomee. Mke wangu ana miezi kumi kwa Jovia, mdogo wake, kule Batsinda. Hakuondoka kwa ugomvi. Tulipomaliza arobaini ya binti yetu Umutoni alikunja nguo zake, akaniachia maharage jikoni, akasema anakwenda kukaa mahali ambapo mtoto alikuwa anaruhusiwa kupiga handpani. Alisema hivyo tu. Nilikuwa na suti ya bwana harusi mezani.

Handpani ni chombo cha muziki. Kwa macho yangu ni sufuria mbili zilizobandikwa mdomo kwa mdomo. Juu kuna kitovu katikati, na kukizunguka kuna vibonyeo vinane, kila kimoja na sauti yake. Unapiga kwa vidole. Umutoni alikuwa akijifunza kwa kijana mmoja wa Bujumbura, Armel, anayefundisha mtaa wa Kagugu. Aliazimwa moja, akaileta nyumbani mara mbili. Mara ya pili duka limejaa, Idi imebaki wiki moja, nikamwambia mbele ya wateja na mama yake apeleke sufuria yake kwa watu wasio na kazi. Wateja wakacheka. Akaipeleka Batsinda kwa mama yake mdogo. Miezi mitatu baadaye homa ya uti wa mgongo, siku nne, basi. Miaka ishirini.

Sasa nimesikia kwamba Kanyange naye anajifunza kwa huyo Armel. Tarehe ishirini mwaka unatimia tangu mtoto afariki, na anataka kupiga pigo la tatu kati ya yale wanayofundishwa, lile Umutoni aliloishia. Vizuri sana. Na mimi nitajifunza. Nitamzidi! Siku hiyo nitakaa kando yake nipige, machozi yamtoke, na jioni tutarudi nyumbani Rwezamenyo kwa pikipiki mbili zinazofuatana. Siku kumi na moja zinatosha. Suti nzima mimi naimaliza kwa siku mbili.

Alhamisi, 11 Septemba

Somo la kwanza. Chumba kizuri, mikeka, dirisha kubwa. Wanafunzi watatu tu. Kanyange hakushtuka kuniona. Alisema, habari za asubuhi, Ilyasi. Ilyasi! Miaka ishirini nilikuwa Baba Umutoni. Tangu tuzike ni Ilyasi, kama vile naitwa dirishani pale posta. Nililiona hilo, nikalimeza.

Mwanafunzi wa tatu anaitwa Eustache. Mwalimu mstaafu wa jiografia, mjane, sweta bila mikono hata kwenye jua. Alipata kiharusi, daktari akamwambia avifanyie vidole kazi. Mkono wake wa kushoto unatetemeka. Nilipouona nilifurahi, Mungu anisamehe, maana nilijua huyu si mshindani. Kisha akapiga. Mkono unatetemeka lakini pigo limenyooka kama pindo la mashine. Na amemletea Kanyange parachichi tatu. Za nini?

Pigo la kwanza ni rahisi kusema. Unahesabu mpaka nne. Moja ni kitovu, mbili na tatu na nne unazunguka, kulia, kushoto, kulia. Tabu yangu ni mguu. Miaka thelathini ya cherehani ya kukanyaga! Mkono wangu haujui kwenda bila mguu kusukuma. Nilipohesabu mbili, mguu ukaenda wenyewe, ukapiga handpani ya Eustache ikabingirika hadi mlangoni. Akaniomba radhi yeye.

Armel ananiita muzee na ana subira. Aliposikia mimi ni fundi cherehani akanieleza kwa kazi yangu.

"Muzee, hapana gonga kama mulango," alisema. "Gusa kama unapima pasi iko moto. Kidole inaingia, inatoka."

Hapo akili ikafanya kazi. Handpani zake nne anazibeba ndani ya mashuka! Nikamwambia nitamshonea mifuko yenye sponji na bitana, yeye anifundishe. Nahitaji moja tu niende nayo ya kupimia. Alikubali polepole. Alinionya nivue pete, nisiipige na kitu chochote kigumu, nisiiache juani. Nikachagua ile yenye mkwaruzo wa bangili ukingoni. Umutoni ndiye aliyeikwaruza, na ndiyo Kanyange anayoipiga. Kanyange aliitazama ikitoka. Akaniomba niitunze. Nilimwambia nimetunza hariri za watu maisha yangu yote.

Dereva wa pikipiki aliniuliza harusi iko wapi. Alidhani ni chakula.

Ijumaa, 12 Septemba

Asubuhi: ushindi mkubwa! Niliweka handpani juu ya meza ya cherehani, nikatoa uzi kwenye sindano, nikakanyaga. Mguu ukaenda, mikono ikafuata. Moja, mbili, tatu, nne! Pigo la kwanza bila kosa. La pili bila kosa. Mama mmoja aliyekuja kuchukua sare ya mwanawe alisimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho, akasema ni nzuri, akauliza nani alinifundisha. Nilisema ni binti yangu. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Mchana, baada ya swala: msiba. Nilivua pete kama nilivyoagizwa. Niliiweka kwenye kisahani, nikajisifu kwa uangalifu wangu. Nikaanza pigo la tatu. Hilo ndilo gumu, kwa sababu linapanda hatua kwa hatua mpaka kibonyeo cha saba, linasimama hapo, halafu linarudi kitovuni. Nikapanda. Nikafika cha saba kwa kidole cha kati, kwa nguvu ya mtu anayefika.

Kastabini! Kile kikofia cha chuma cha kusukumia sindano kilikuwa kidoleni tangu saa mbili asubuhi. Siku hizi sijui kama ni chuma au ni kidole. Sauti iliyotoka ni ya kuku aliyekanyagwa. Nikavua, nikajaribu kwa kidole kitupu. Sauti ya saba ina mafua.

Nilijaribu mara kumi. Bado.

Jumapili, 14 Septemba

Nimefikiri siku mbili. Kupeleka kwa Armel na kusema ukweli ni jambo linalowezekana. Lakini Armel atamwambia Kanyange, na Kanyange hatapiga kelele. Atanitazama tu, kama alivyonitazama siku ile ya wateja. Mtazamo ule siuwezi mara ya pili.

Basi nikachunguza chuma kwa macho ya fundi. Kando ya kibonyeo kuna mkunjo mdogo, kama kola iliyokaliwa. Na mkunjo dawa yake inajulikana. Nikajaza mkaa kwenye pasi, ile ya zamani yenye jogoo mbele. Nikalowesha kitambaa, nikakiweka juu, nikapiga pasi. Taratibu! Ncha tu. Mvuke ukatoka vizuri, kama kwenye suruali ya sufu. Nikaona haujanyooka, nikaondoa kitambaa, nikapiga tena.

Sasa haina mafua. Haisemi kabisa. Unagusa cha sita, kinaimba. Unagusa cha nane, kinaimba. Cha saba unagusa, tok, kama kopo la maziwa. Na kuna alama ya ncha ya pasi, rangi ya zambarau na dhahabu. Nimesugua na mafuta, nimesugua na majivu. Inazidi kung'aa.

Nilifunga duka mapema. Nilimwambia Umutoni pole, kwa sauti, nikiwa peke yangu. Yeye namwambia kila kitu kirahisi sasa.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimejiokoa. Leo nimeshona mfuko ambao mtu akiuona hataangalia kilichomo. Kitambaa cha jinzi nyeusi, sponji yenye unene wa vidole viwili, mpini wa kubebea na mkanda wa begani. Na bitana! Niliwaza bitana gani itamgusa Kanyange, nikakumbuka kitambaa cha njano chenye ndege wadogo.

Umutoni alikinunua mwenyewe, cha gauni. Nilimpima mara tatu, maana kila nilipotaka kukata alikuja mteja mwenye haraka, nikasahau vipimo. Nilimwambia kesho. Nilichora chaki mgongo na mikono, sikukata. Kimekaa kwenye rafu ya juu mwaka mzima kikiwa na chaki yake. Leo nimekikata. Mkato umenyooka. Kanyange akiona ndege hawa atajua kwamba nakumbuka. Mtu hawezi kuuliza habari za sauti ya saba huku analia.

Jumanne, 16 Septemba

Mpango umefaulu na nina huzuni. Sielewi.

Nilifika Kagugu wa kwanza. Nilikuwa nimeandaa maneno: handpani ikae ndani mpaka Jumamosi ili sponji ishike umbo. Uongo mzuri, wa kitaalamu. Sikuuhitaji. Kanyange alifungua zipu kiasi cha kiganja, akaona njano. Akaacha mkono hapo hapo.

Aliuliza kama ni kile. Nilisema ndicho, kwa fahari. Aliuliza chaki iko wapi. Nilimwambia nimeifua, maana chaki inachafua. Akaniuliza kama nilifikiri kumwuliza yeye kabla ya kukata. Nikaeleza kwamba kilikuwa kinakaa bure, na kwamba bitana ya aina hii haipatikani tena sokoni. Akafunga zipu mwenyewe, polepole, akasema hataufungua mpaka siku yenyewe. Akatumia handpani nyingine somo zima.

Kwa hiyo siri yangu iko salama ndani ya gauni la binti yangu.

Eustache aliusifu mshono wa mpini. Anajipendekeza.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimejaribu njia tatu, zote zimeziba.

Kwanza nilimshauri Kanyange apige pigo la pili, ambalo ni tamu zaidi na halifiki cha saba. Alisema mtoto aliishia la tatu. Eustache, bila kuulizwa na mtu, akasema anakubaliana naye. Pili nilimvuta Armel pembeni, nikamwomba Jumamosi alete handpani mpya kabisa, kwa heshima ya siku. Alisema Mama Umutoni anataka ile ile. Yeye bado wanamwita Mama Umutoni. Tatu niliamua kusema.

Ndiyo, kusema! Baada ya somo niliteremka na Kanyange mpaka barabarani. Alikuwa anatembea polepole, nami nikapunguza hatua. Miezi kumi hatujatembea pamoja. Aliniambia kwamba usiku akishindwa kulala anahesabu moja mpaka nne kwenye blanketi. Nilitaka kumwambia mimi nahesabu kwa mguu chini ya shuka, ni kitu kile kile. Nilitaka kumwambia habari za kastabini, na pasi, na sufuria ya watu wasio na kazi. Nikafungua mdomo, nikasema naona mvua ya mwaka huu itachelewa.

Akasema labda. Akapanda pikipiki.

Mimi mwenyewe sijaliweza pigo la tatu. Bila cherehani mguu unanisaliti. Nimepima kama cherehani inaweza kupakiwa kwenye pikipiki. Haiwezi.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi tulikwenda makaburini, dua ikasomwa. Kanyange ni Mkatoliki, alisimama nyuma na rozari mfukoni, akaitikia amina mahali pote panapostahili. Mchana tukawa Batsinda, sebuleni kwa Jovia. Watu wanane, chai, mandazi. Nilikuwa na kiti kando ya Kanyange na handpani ya kuazima magotini. Armel alininong'oneza nipige kitovu tu kila akisema moja. Kitovu tu! Baada ya kazi yote ile.

Kanyange akafungua mfuko. Alipapasa bitana kwa kiganja, akaitoa handpani, akaanza. Anapiga vizuri kuliko nilivyodhani. Vidole vinaingia, vinatoka. Ilipanda, moja, mbili, tatu, na mimi nilikuwa nahesabu sio kwa ajili ya muziki. Ikafika.

Tok.

Akasimama. Akagusa tena. Tok. Armel akapiga magoti, akajaribu kwa kidole chake, uso ukabadilika. Aliuliza nani aliiangusha. Nilitazama chai yangu. Ilikuwa na utando juu.

Hapo Eustache akainua ule mkono wake. "Labda ni mimi," alisema. "Mkono hii, tangu nigonjwe, sijue nguvu yake. Mutanisamehe."

Ilikuwa handpani ambayo hajawahi kuigusa maishani mwake. Sijui kama alitaka kuniokoa, au aliona tu chumba kizima kinaumia akataka kiishe. Jovia alimshika bega, akamwambia asijali. Na mimi? Mimi nilikunywa chai. Nilikunywa pamoja na utando wake. Nimefanya vitu vingi vya aibu lakini hicho nilikifanya nikiwa nakiona.

Kanyange akaigeuza handpani upande wa dirisha. Mwanga ukaipiga ile alama, zambarau na dhahabu, ncha yake imechongoka. Mke wangu amejaza mkaa kwenye pasi ile miaka ishirini na miwili. Aliweka kidole kwenye alama, akakipitisha ukingo hadi ukingo. Kisha akaniangalia. Haukuwa mtazamo wa siku ile ya wateja. Ungekuwa ule ningejua la kufanya.

Alianza tena, kutoka mwanzo. Hakukiruka cha saba. Kila alipofika pale aligusa, ikatoka tok, akasubiri kama kawaida, akarudi kitovuni. Alizunguka mara nyingi. Jovia alilia, Armel alilia. Mimi nilisahau kupiga kitovu changu, nililia mpaka kola ikalowa, na mguu wangu ulikuwa umetulia. Nimeligundua hilo sasa hivi ninapoandika.

Wakati wa kuondoka alinisindikiza mlangoni.

"Baba Umutoni," alisema, "ungeniambia tu."

Baba Umutoni! Akangoja. Alingoja muda mrefu, mkono kwenye kitasa. Kisha akasema nije Jumamosi ijayo baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa ya kila mwisho wa mwezi. Nisilete kitu, nije mikono mitupu, nikae tu tuongee habari za mtoto. Hapo ndipo sauti yangu ilirudi, nikamwambia mpini wa mfuko nitauongezea mshono wa pili, maana naona unavutwa na uzito.

Aliniangalia kidogo, akasema sawa, Ilyasi, fika salama.

Jumapili, 21 Septemba

Sikulala, lakini sasa nimeelewa kila kitu.

Ameniita Baba Umutoni. Kwa nini jana, kwa nini si wiki iliyopita? Ni bitana! Nilijua tangu mwanzo kwamba ndege wale watafanya kazi. Mwishoni amerudi kwenye Ilyasi, ni kweli, lakini hiyo ni kwa sababu ya sauti ya saba. Kwa hiyo kilichobaki kati yetu ni sauti ya saba peke yake. Kitu kimoja, kipana kama kisahani. Kinatengenezeka.

Hiyo ya mikono mitupu nimeigeuza kila upande. Mwanamke hasemi mikono mitupu kwa mume wake ila anataka kushangazwa.

Asubuhi hii nimeongea na Rutayisire, anayenyoosha mabodi ya magari kule Gatsata. Hajawahi kuona handpani, lakini nilimchorea na akasema chuma ni chuma, amenyoosha milango ya basi iliyogongwa pande zote mbili. Atatumia nyundo ya mpira. Jumamosi, Kanyange akiingia jikoni kuchemsha chai, mimi nitaichukua handpani, nitoke kwa mlango wa nyuma, Rutayisire atakuwa anangoja kwenye kona na gari. Saa moja tu. Nikirudi, nitamwambia agonge cha saba. Nauona uso wake.

Eustache nitamshonea suruali. Nzuri, ya sufu. Hapo tutakuwa sawa, hakuna haja ya kueleza mambo mengi.

Leo sikufungua duka, lakini nimekaa kwenye cherehani nikakanyaga bila uzi, moja mpaka nne, mikono juu ya meza tupu. Pigo la tatu limetoka lote, mara ya kwanza. Hakuna aliyesikia. Nilitazama rafu ya juu kama kawaida yangu, nikakumbuka kwamba kitambaa hakipo tena.

Nimejiandikia kwenye kipande cha karatasi ya kukatia, nimekibandika ukutani nisisahau Jumamosi: nyundo ya mpira, blanketi la kuifungia, vipimo vya Eustache, uzi mzito wa mpini. Na kumwomba Kanyange radhi, muda ukibaki.